Chaki Sakafuni

Adhana ya alfajiri imepita, mimi bado gogo.
Siwatu ananigeuza kama anavyogeuza chapati,
upande, kisha upande,
ananitia kinywani kidonge cha kwanza,
kizima na nusu, nusu aliyoikata jana
kwa wembe wangu wa kufumulia.
Tunangoja.
Hatuzungumzi. Nani huzungumza na mita ya LUKU
kabla tokeni haijaingia?

Dakika thelathini. Siku mbaya, saa nzima.
Kisha gumba la mguu linaitika,
kisha goti, kisha shingo,
taa moja moja, chumba kwa chumba,
nami naketi, nasema, "Umeamkaje?"
kwa sauti aisikiayo yeye peke yake.

Nilishona suti za maharusi Mtaa wa Kongo
miaka thelathini na mmoja.
Uzi mweusi, kitambaa cheusi, usiku, bila miwani.
Mkono wa kulia ulipoanza kuhesabu pesa zisizokuwepo,
gumba juu ya shahada, gumba juu ya shahada,
wateja walicheka: Fundi Mshamu, bahati inakuja!
Wengine hawakucheka. Walisema pombe,
mimi nisiyeijua hata harufu yake.
(Na harufu zenyewe, sasa nakumbuka,
zilishatangulia kuondoka:
pasi iliunguza koti la mtu mbele yangu,
nikaambiwa na jirani.)

Shemeji akaleta mtaalamu wake kutoka Mbagala,
na kuku.
Kuku tulimla, alikuwa mtamu.
Mkono ukaendelea kuhesabu.

Dakta Mbonea hakuniuliza nimemkosea nani.
Alinipa kalamu: andika jina lako mara tano.
Jina likaanza kubwa, likaishia punje ya ulezi.
"Hauponi," akasema, "ila unatunzika."
Mfuko wa koti lake jeupe ulikuwa umefumuka.
Uzi nilikuwa nao.
Mkono sikuwa nao.

Basi tunautunza.
Saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili.
Maharage ya nazi yasubiri,
maana yeye na kidonge wanagombea mlango mmoja
na maharage ana mabavu.
Mjukuu wangu Swaumu ametega simu iwike;
ndiye jogoo pekee Magomeni
anayewika saa nane mchana.
Mwezi wa nne dawa ilipotea,
duka kwa duka, toka Fire hadi Mwembechai,
ilipoonekana bei ilikuwa imevaa suti.
Tukauza mashine ya ovaloki.
Nimeimeza ovaloki ile kidogo kidogo,
mara nne kwa siku, kwa maji ya uvuguvugu.

Lakini adui yangu ni mlango wa uani.
Nia imeshafika msalani,
miguu iko kizingitini, imegandiwa na gundi.
Siwatu alinivuta kwa huruma,
nikaanguka kwa huruma hiyo hiyo,
kidevu nyuzi sita (nilizihesabu;
aliyeshona ana haraka).

Eliaichi, binti wa mazoezi, akamwambia:
Mama, usimvute. Mpe kitu cha kuruka.
Siwatu hakusema neno.
Alifungua kasha langu, akatoa chaki ya bluu,
ile ya kukatia,
na utepe wangu wa kupimia, akapiga magoti:
inchi kumi na nane, mstari,
inchi kumi na nane, mstari,
toka kitandani hadi uani.

Miguu isiyonisikia mimi
ikaisikia chaki.
Nikauruka wa kwanza. Nikauruka wa pili.
Yeye alikuwa bado chini, magoti ya bluu,
akilia au akicheka, sikugeuka kutazama;
kugeuka nako kuna hesabu yake.

Kila Ijumaa anadeki, kila Ijumaa anachora upya.
Wa leo wa tatu umepinda.
Mwanagenzi wangu angekula kofi kwa mkato huo.
Simwambii.
Saa nane kasoro, taa zinaanza kupungua,
jogoo wa simu hajawika.
Nainua mguu,
nauruka ulivyopinda.